Mtani Aliyekuja Kumzika Skola

Unaweza kuamini au kuacha, mimi sitakubembeleza. Ninachotaka ni ujue kwanza anayekusimulia ni nani. Mimi si mtu wa vijiweni. Nina stashahada ya utalii, niliyoisomea kwa jasho langu mwenyewe, bila mjomba wala mfadhili. Niliondoka Songea na begi la kuazima, nikaanza kwa kufua mashuka kwenye hoteli za Unguja, nikaishia kuwa mtu anayewapeleka wageni kuogelea kwenye matumbawe huku wakiniita kwa jina. Nimerudi nyumbani na gari langu, Noah, na kadi yake ina jina langu, si la benki. Mtu kama huyo ana haja gani ya kutunga habari za mizimu? Ningekuwa mtungaji ningetunga kitu cha kuniletea wateja. Hiki kimewafukuza.

Na usisubiri giza liingie. Najua visa vya namna hii huanza usiku, barabarani, mwanamke mrembo anaomba lifti. Changu kilinikuta mchana, jua la utosi, kwenye ufukwe wa Mbamba Bay, mbele ya manesi waliosoma na walio na akili zao timamu.

Niliporudi Songea nilifungua kampuni ya kutembeza wageni. Watu walinicheka. "Songea kuna utalii gani?" Mimi nikawajibu kwa vitendo. Niliwapandisha watu Matogoro wakaone mto Ruvuma unapoanza, kijito unachoweza kukiruka. Na zaidi ya yote niliwapeleka ziwani. Watu wa Dar wanadhani ufukwe ni wa kwao tu. Hawajui kwamba ukipita mashamba ya kahawa ya Mbinga na kuanza kushuka ile milima, barabara inakutoa kwenye maji ambayo huoni mwisho wake, mchanga mweupe kama unga wa muhogo, na samaki wa rangi rangi wanaokuja kukudonoa vidole ukiwa umesimama tu. Nilinunua miwani ya kuzamia. Nilielewana na wenye mitumbwi wawavushe wageni hadi kwenye visiwa vya mawe. Jioni niliwapandisha kwenye majabali kulitazama jua likizama ziwani.

Halafu kulikuwa na kitu changu mwenyewe, ambacho hakuna mtu mwingine kusini yote aliyekuwa nacho: kulala mchangani. Unguja niliona wageni wanalazwa kwenye shimo fupi, wanafukiwa mchanga wa moto hadi shingoni, wanabaki hivyo huku viungo vyao vinalegea. Wakitoka wanasema wamezaliwa upya. Nikasema hiki nakwenda nacho nyumbani.

Nilijishonesha na shati la kazi, bluu ya kukolea. Kifuani jina la kampuni, na chini yake jina langu kwa uzi wa dhahabu, kwa herufi za mapambo nilizochagua mwenyewe. Fundi alinionya. "Bosi, herufi hizi zimejikunja kama mizizi. Nani atazisoma?" Nikamwambia atakayeweza kunilipa ataweza kuzisoma. Likumbuke shati hilo. Linarudi mbele.

Sasa, Skola. Jina lake refu ni Skolastika, nesi, mtoto wa Mshangano, mchumba wangu. Posa ilikwisha pokelewa, na tangazo la kwanza la ndoa yetu lilikwisha somwa kanisani. Siku hiyo alikuwa amewaleta manesi wenzake kutembea, nami niliwachukua kwa bei ya kishemeji ili waone kwamba mwenzao hajachagua vibaya.

Kabla ya kuondoka mjini tulisimama kwa Saidi kununua korosho. Saidi ni Myao wa Mbesa, kule Tunduru, anauza korosho hatua chache kutoka ofisini kwangu, na mimi ni Mngoni, kwa hiyo ni watani. Kama hutoki kwetu nikueleze kidogo. Babu zetu walipigana, vita vikaisha, tukabaki na ruhusa ya kutukanana bila kugombana. Na msibani ndipo mtani anapofanya kazi yake hasa. Anamwigiza marehemu, anamsema ubaya, anachukua viatu na nguo zake anavivaa mbele yenu, anaweza hata kuingia kaburini akalala mpaka mtoe kitu. Mwenye msiba hakasiriki. Mnacheka huku machozi yanawatoka, na maiti anakwenda salama.

Saidi aliliangalia shati langu muda mrefu. "Mtani, hapo kifuani wamekuandika Kiarabu? Mbona mimi niliyesoma madrasa nashindwa?"

"Wewe hata ukiandikiwa Kiswahili unauliza jirani," nikamjibu. "Nipimie korosho, na usinitilie zile alizoacha babu yako."

"Babu yangu alikuwa anawapa Wangoni maganda, na mlikuwa mnapiga magoti kushukuru." Akamgeukia Skola. "Shemeji, huyu akifa usimwite mtu mwingine. Niite mimi. Hilo shati nitalivaa mpaka siku ya kuondoa tanga."

"Utalipata, Saidi," Skola akasema, anacheka. "Nitakufulia kabisa."

Ndivyo tulivyoondoka mjini, kwa kicheko.

Ziwani mambo yalikwenda vizuri hadi tulipokwisha kula. Tuliogelea, tukala samaki, mbasa wa kukaanga, halafu nikawapeleka upande wa mbali wa ufukwe, karibu na majabali, ambako hakuna watu na mchanga haujakanyagwa. Nikachimba shimo fupi kwa sepetu. Nikauliza nani wa kwanza.

"Mimi ndiye mke wa bosi," Skola akasema. "Nikipona, na ninyi mtaingia."

Akavua ndala, akakunja kanga yake akaiweka pembeni, akalala. Nikamfukia taratibu, kitaalamu, nikaacha kichwa juu ya taulo. Mchanga ulikuwa na joto zuri. Alifumba macho akasema, "Jamani, msiniamshe."

Alikuwepo mwenzake mmoja anaitwa Editha, Mmatengo wa Mbinga, mdomo wake haupumziki. Editha akachuma maua ya porini akayatawanya juu ya kifua cha Skola. Mwingine akaokota vijiti viwili vilivyotupwa na maji, akavifunga msalaba kwa jani, akauchomeka kichwani. Hapo wakaanza. Editha alishika kichwa kwa mikono miwili akalia, "Skola, umetuachia nani zamu za usiku?" Wengine wakaitikia kwa wimbo, ule unaoimbwa jeneza likishuka. Skola alicheka hadi mchanga ukafanya ufa kifuani pake, ufa mwembamba uliofunguka na kufunga kila alipopumua. Nami nilifanya nini? Nilisimama nimeshika kiuno, nimeridhika. Wageni wakifurahi, kazi imefanyika. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa.

"Hodi msibani," sauti ikasema.

Tukageuka. Mwanamke wa makamo alikuwa amesimama upande wa majabali, mrefu, amejifunga kaniki nyeusi kama waliyovaa bibi zetu. Hatukumwona anakuja, lakini nani alikuwa anaangalia?

"Mnazika," akasema, "na watani hawajaitwa?"

"Wewe ni mtani wa nani, mama?" Editha akauliza.

"Wa huyo Mngoni aliyelala. Na wa huyu aliyesimama anajijaza upepo kama chura."

Walicheka hadi mmoja akakaa chini. Mimi pia nilicheka. Lafudhi yake ilikuwa ya Kiyao, ile ile ya shangazi zake Saidi wanapokuja kumtembelea dukani, na wafanyabiashara wa Tunduru hufika hadi ziwani, kwa hiyo sikushangaa. Nikuambie ukweli, nilichofikiria wakati ule ni kwamba mwanamke huyu angenifaa. Wageni wanapenda sana mambo ya asili, nami nilikuwa naletewa bure.

Akalizunguka tuta la mchanga. "Marehemu alikuwa mchoyo," akasema. "Nikipita kwake kuomba chumvi ananiambia imeisha, na midomo yake ina chumvi. Marehemu alikuwa akienda kanisani anakaa mbele ili aonekane kiatu. Mwangalieni, hata kufa amekufa kwa maringo." Skola alikuwa amefumba macho, anajitahidi kuwa maiti, lakini mdomo wake ulikuwa unatetemeka kwa kicheko.

Yule mwanamke akachuchumaa, akaokota kanga na ndala. "Hivi vyangu."

Hakumtazama Editha, ambaye ndiye aliyekuwa akijibizana naye. Alinitazama mimi. "Mwenye msiba, nichukue?"

Nami, kwa sauti yangu ya kuongoza wageni, ile inayofika hadi nyuma ya basi, nikasema, "Chukua, mtani. Marehemu hana kazi navyo."

Akaitikia kwa kichwa. Alipozivaa zile ndala niliona vidole vyake. Kwenye kucha zote, za mikono na za miguu, kulikuwa na udongo mwekundu, mbichi. Pale ufukweni ni mchanga mweupe kila unapogeuka. Niliona, niamini, ila sikuwaza lolote. Akaondoka bila haraka, akapotelea nyuma ya majabali.

"Skola, amka," Editha akasema. "Mlamu ameshagawa ndala zako, utarudi pekupeku." Mlamu ni shemeji, ndivyo walivyokuwa wakiniita.

Skola hakujibu. Tukacheka. Tukasema huyu leo ameamua. Editha akamrushia ua likaangukia mdomoni, na halikutikisika. Ndipo macho yangu yakaenda kwenye ule ufa kifuani pake. Ulikuwa wazi, na haukufunga.

Editha alipiga goti akaweka vidole viwili shingoni mwa mwenzake. Sijawahi kuona uso ukibadilika vile. Yule mcheshi aliondoka, akabaki nesi. "Mtoeni," akasema, taratibu kabisa. "Mtoeni sasa hivi."

Sikiliza. Mimi nimefukia na kufukua wageni Unguja hadi nimechoka. Mchanga wa ufukweni unauondoa kwa viganja, mtu anatoka huku bado unaongea naye. Mchanga ule ulikuwa umeshika. Tulipoondoa ule mweupe wa juu tulikuta mwekundu, mzito, wenye maji, unaong'ang'ania vidole, udongo ule ule tunaotupia majeneza huku kwetu. Mimi nilikuwa nimechimba shimo lile mwenyewe muda mfupi uliopita. Ulitoka wapi? Na ulikuwa wa baridi. Jua lilikuwa linanichoma mgongo na vidole vyangu vilikuwa vinakufa ganzi.

"Mapigo yapo," Editha akasema, "lakini yanapotea. Mlamu, yanapotea."

Mmoja wa manesi akaanza kulia, sasa kweli. Nikakumbuka kwamba wimbo tulishauimba, msalaba ulikuwa umesimama, maua yalikuwa yamewekwa, na nguo zilikuwa zimegawiwa. Kilichokuwa kimebaki ni maiti tu. Nina cheti cha huduma ya kwanza, tena nilifaulu vizuri. Hakuna mahali waliponifundisha cha kufanya hapo. Nilichokuwa nakisikia masikioni ni sauti yangu mwenyewe: chukua, mtani.

Nikaliacha shimo nikakimbia.

"Unakwenda wapi?" Editha alinipigia kelele. "Unamwacha mwenzio?"

Nilidhani ningemfukuza yule mwanamke ufukwe mzima, lakini nilipozunguka jabali la kwanza nilimkuta amekaa kivulini, miguu ameinyoosha, anaikunja ile kanga kwa utulivu kama wanawake wanavyozikunja nguo za marehemu siku ya kuzigawa.

"Umechelewa," akasema. "Vimeshagawiwa."

"Mama, nirudishie. Utani umekwisha."

"Wewe ndiye wa kusema umekwisha? Msiba haujaondolewa tanga."

"Hakuna msiba. Ule ulikuwa mchezo."

"Nilisikia wimbo," akasema. "Nilisikia watu wanalia. Nikauliza mwenye msiba, mwenye msiba akanijibu kwa mdomo wake. Nilikulazimisha?"

Niliingiza mkono mfukoni nikatoa pochi. Nasema kitu kinachoniumiza hadi leo: nilidhani anataka hela. Aliitazama pochi kama mtu anavyomtazama mtoto aliyemletea jiwe.

"Nimekosea, mama," nikasema. "Nakuomba. Ni mke wangu yule."

"Mbona kule ulikuwa unasema sana? Sema sasa." Akaanza kucheka, na ningekuambia kicheko chake kilikuwa cha kutisha, lakini ningekudanganya. Kilikuwa kicheko cha mtani wa kawaida, anayekusubiri ujibu. Hicho ndicho kilichonitisha. Huyu hakuwa amekuja kwa ubaya. Alikuwa ameitwa, akaja, anafanya kazi yake.

Nikapiga magoti pale. Mimi, unielewe, sijawahi kumpigia mtu magoti tangu nikiwa mdogo. "Nimkomboe kwa kitu gani?"

Macho yake yakashuka hadi kifuani pangu. Akanyoosha kidole chenye udongo akaufuata ule uzi wa dhahabu, herufi moja baada ya nyingine, kama anayepapasa njia gizani.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Jina langu."

"Linaitwaje?"

Sijui ni nini kilichoufunga mdomo wangu. Jina langu ndilo kitu nilichokuwa nakitaja kuliko vyote duniani. Nililitaja kwa wageni, kwa maofisa, kwa watu ambao hawakuuliza. Pale halikutoka.

"Basi," akasema. "Mimi sikusoma. Nitamkuta aliyesoma." Akaiweka kanga na ndala mapajani. "Nguo za mmoja huwezi kuzitoa mikononi mwa mtani, mpaka umpe za mwingine. Unajua maneno yake. Uliyasema vizuri kule."

Nilielewa. Na nikasita, sitakuficha. Upepo ulikuwa umetulia, ziwa liko kimya, na kutoka upande wa pili wa jabali nilimsikia Editha akimwita Skola. Hakumwita kama unavyomwamsha mtu. Alimwita kwa ile sauti ndefu, inayopanda mwanzoni na kushuka mwishoni, sauti anayopewa mtu aliyekwisha ondoka.

Nikalivua shati. Vifungo vilinishinda nikavikata. Nikalishika kwa mikono miwili, nikasema, "Chukua, mtani. Marehemu hana kazi nalo."

"Lipi?" akasema. "Sema nikusikie."

"Shati hili. Mwenye shati hili hana kazi nalo."

Akalipokea, akalivaa juu ya kaniki, akajitazama. "Sasa umeongea kama mtu wa kwao," akasema, akanipa kanga na ndala. "Nenda. Nitakuja kuondoa tanga."

Nilirudi mbio. Skola alikuwa ameketi juu ya mchanga mweupe, mkavu, anakohoa, Editha amemkumbatia huku anamtukana kwa Kimatengo. Shimo lilikuwa fupi kama nilivyolichimba. Sikuona hata chembe ya udongo mwekundu. Skola alinitazama kifuani, akasema kwa sauti ya kukauka, "Mbona umevua shati?"

Njiani kurudi, tulipopita Mbinga, ndipo Skola alipoinamisha kichwa begani kwangu akanieleza. Alisema alijikuta amekaa matangani, kwenye uwanja asioujua, watu wengi, wanalia kweli kweli. Kila mmoja alikuwa anamuuliza mwenzake marehemu ni nani, na hakuna aliyejua.

Daktari alisema ni joto na uzito wa mchanga kifuani. Sawa, nimesoma, namheshimu daktari. Lakini yeye hakuifua ile kanga. Skola aliifua, akaifua tena, na maji yaliendelea kutoka mekundu hadi akaichoma moto nyuma ya nyumba.

Tulifunga ndoa. Ni mzima, ana afya kuliko mimi. Kwa hiyo utasema yamekwisha. Ngoja.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Saidi. Nilikuwa nimevaa shati la kawaida, nikijua ataanza. Nilikuwa nalihitaji tusi lake siku hiyo kama mtu anavyohitaji chai. Aliniona, akafungua mdomo, akaufunga. Akasimama, akavua kofia yake.

"Karibu, kaka," akasema.

Kaka. Saidi hajawahi kuniita kaka. Nikamchokoza. Nikamwambia korosho zake zinafanana na meno ya shangazi yake. Akaangalia chini, akanipimia, akanijazia kupita kiasi. Siku ya pili hivyo hivyo. Na si yeye tu. Pale sokoni Wayao ni wengi, na wote walikuwa wananitukana kila nilipopita, tena kwa fahari, maana nilikuwa mtu wa kutukanwa. Sasa nikipita wanapunguza sauti. Wananipisha. Ulipotokea msiba Mshangano, watani walivamia kama kawaida, wakachukua kofia za watu, wakamvua hata katekista kiatu. Waliponifikia mimi walizunguka wakapita, kama unavyozunguka kitu ambacho hukanyagi.

Nilimfuata Saidi jioni akifunga biashara. Nikamwambia aniambie.

"Nakuona, kaka," akasema. "Nikitaka kukutania, maneno nayapata, mazuri tu. Lakini ulimi unakataa. Naona kama natania juu ya kaburi lililokwisha fukiwa." Alikuwa anaogopa. Alifunga kufuli akaondoka bila kunipa mkono.

Nimefanikiwa katika mambo mengi, kuliko wengi wa rika langu, na nakuambia hakuna upweke kama kuheshimiwa na mtani wako.

Halafu, miezi ikapita, Saidi akaja mwenyewe nyumbani, hakutaka kuingia. Alisimama mlangoni. Shangazi yake alikuwa amempigia simu kutoka Mbesa. Kulikuwa na msiba kule, na akatokea mwanamke asiyejulikana, amevaa kaniki na juu yake shati la bluu la kiume lenye maandishi ya dhahabu. Alikaa na waombolezaji, akala nao, akawa anawaonyesha kifua. "Mwenye hili amezikwa wapi? Nisomeeni, nikamwondolee tanga." Shangazi hakusoma. Waliosoma walijaribu, zile herufi zikawashinda.

Baadaye tukasikia ameonekana Hanga, Namtumbo. Huko binti mmoja alisoma jina la kampuni, mstari wa juu, akaishia hapo. Siku ile ile nilipiga rangi juu ya kibao cha ofisi yangu. Sasa angalia ramani kichwani mwako. Kutoka Tunduru unapita Namtumbo, kisha unaingia Songea. Anakuja na barabara, msiba hadi msiba, hana haraka, na kila anapofika anatafuta mtu wa kumsomea.

Skola sasa ananikataza kwenda kwenye matanga yoyote. Akiniita mbele za watu ananiita baba tu, jina halitaji. Yule fundi niliyempuuza siku ile, herufi alizosema zimejikunja kama mizizi ndizo zinazonilinda hadi leo.

Kwa hiyo nawe ukienda ufukweni, ogelea, panda majabali, furahi, Mbamba Bay ni pazuri na sitawahi kusema vinginevyo. Ila usimfukie mtu ukamlilia. Na akitokea mtu akasema ni mtani, ukaulizwa kitu kama mwenye msiba, sema hapa hakuna msiba, liseme hilo kwanza kabla hujacheka.

Na siku ukiwa kwenye tanga, mwanamke aliyevaa shati la bluu akaja kukaa karibu yako, akakuonyesha kifuani akakuomba umsomee, usimsomee. Hata kama una macho makali, hata kama herufi zimekufungukia. Mwambie hukwenda shule. Mimi mwenye stashahada ndiye ninayekuomba useme hivyo. Umeona tangu mwanzo sijakutajia jina langu, na nadhani sasa unajua kwa nini.